Sabuni Juu ya Bati

Pangani, Kibaha
Jumatatu, 5 Oktoba

Kwa baba yangu, Mzee Maulidi,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na chai yako ya tangawizi, goti limetulia, na mama hajaanza kukusema kuhusu miwani unayoisahau kila mahali. Mimi mwanao ni mzima, nakula vizuri, na kazi ipo. Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, simu yako unaipokea kwa sauti kubwa hadi wateja wa dukani kwa Zuleha wanachangia mazungumzo. Haya ninayotaka kusema, uyasome peke yako.

Nianze na kazi. Siku ninaondoka Chole na cheti changu cha ufundi, uliniusia nifike kazini kabla ya mwenye kazi, nisinywe chai ya mwenye nyumba kabla sijamaliza, na nisimlaumu fundi mwenzangu kabla sijapanda juu nikaona kwa macho yangu. La chai limenishinda, maana watu wa Kibaha wanajua kulazimisha. Mengine nayashika.

Mwezi uliopita Mwalimu Honorata, mama mstaafu mwenye nyumba za kupangisha hapa Pangani, alinipa nyumba moja niiezeke upya. Niliifanya kwa moyo wote. Kila msumari niliupiga juu ya mgongo wa bati, na mpira wake chini ya kichwa. Bondeni sikugonga hata mmoja, kwa sababu huko ndiko maji yanakopita. Ikaja mvua moja ya ghafla, mpangaji akapiga simu kwamba sebule inavuja. Kabla sijafika alikuwa ameshawaambia majirani kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke nyundo. Wiki ileile watu wawili walioniahidi kazi walinitumia ujumbe kwamba wameahirisha. Nililia baba, sikufichi.

Mwalimu Honorata hakugombana na mtu. Alisema anataka kuona, akafunga khanga kiunoni, na umri wake wa miaka sitini na mitano akapanda ngazi nyuma yangu. Juu tukakuta mpangaji ameleta mtu wa kumfungia ungo wa televisheni, naye amegonga misumari minne bondeni kabisa. Maji yalikuwa yanaingia hapo, yanatembea juu ya mbao kama hatua tatu, ndipo yanadondoka sebuleni. Nawe baba acha kupaka lami kwenye dari pale palipolowa, maji hayaingilii pale yanapodondokea. Mwalimu alishuka, akamwita mpangaji na majirani zake wote, akawaeleza alichokiona. Kazi zangu zikarudi.

Wenzangu walinipongeza, lakini mimi furaha haikuja. Tangu siku ile namuwaza Mzee Zahoro.

Najua hutaki jina lake litajwe humo ndani. Miaka kumi na mmoja imepita tangu aiezeke nyumba yetu, na miaka yote hiyo kila mvua inaponyesha sufuria ya mama ya ubwabwa inalala koridoni kukinga maji. Mlitoka jando moja nyie wawili. Lakini ulimtangaza kote kuwa ni fundi wa bora liende, hadi watu wa Chole wakaacha kumwita. Siku hizi anashinda Kisarawe mjini akitengeneza viti, na Ijumaa akirudi mnapishana mlangoni mwa msikiti kila mmoja akitazama viatu vyake.

Baba, Mzee Zahoro hakukosea. Ni mimi.

Wiki ile paa lilipokamilika, wewe na mama mlikwenda msibani Mlandizi. Kaka Hashiru alikuwa ameleta ile runinga yake ndogo, na picha ilikuwa chenga tupu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na tamthilia ilikuwa inafika mwisho. Nikapanda juu na nyundo, nikapigilia mti wa antena kwa misumari mitatu, yote bondeni. Picha haikukaa. Nikang'oa kila kitu, yakabaki matundu matatu. Nilishawaona madereva wakiziba tangi la mafuta linalovuja kwa kipande cha sabuni, nikasema nami nitaziba hivyohivyo. Nilikanda sabuni ya mche ya mama, nikaisindilia kwa kidole gumba, nikashuka najiona fundi.

Unaikumbuka mvua ya kwanza? Maji yalidondoka na povu. Ulichovya kidole, ukanusa, ukasema hiyo ni dawa inayotoka kwenye mabati mabovu ya Zahoro. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua, nikanyamaza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kisarawe nikamweleza yote. Hakushtuka. Alisema alijua tangu siku ulipomwita akague. Alipanda akakuta sabuni imebaki kwenye tundu moja, na juu yake alama ya kidole gumba cha mtoto. Aliposhuka alikuomba lami azibe, ukamjibu kwamba matundu kayatoboa mwenyewe, ukamfukuza mbele ya watu. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema aliniona siku hiyo nimejibanza mlangoni, na fimbo yako alikuwa anaijua. Akaona heri akae kimya, hasira zako zitaisha baada ya wiki moja. Alipofika hapo alicheka, kisha akauliza kama goti bado linakusumbua.

Sina cha kujitetea. Nilimtwisha mtu mwema kosa langu, na wewe nikakukosesha rafiki. Nisamehe baba. Kama ni fimbo, najua bado iko nyuma ya kabati.

Vuli inakaribia. Jumamosi hii nakuja na misumari yenye mipira, vipande vya bati na gundi yake. Mzee Zahoro amekubali tufuatane, ila amesema haingii uani mpaka utoke wewe mwenyewe umkaribishe. Juu nitapanda mimi. Ile ngazi yako mguu mmoja umelegea, inataka watu wawili chini. Upande mmoja atashika yeye. Upande wa pili nimekuachia wewe.

Nisalimie kaka Hashiru na Zuleha wa dukani, na asante kwa Bernard wa bodaboda aliyekufikishia barua hii. Mama mwambie aisugue ile sufuria yake mpaka ing'ae. Jumamosi tuna ubwabwa wa watu wanne.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Swaumu