Viatu Ndani ya Gunia

Nyakwara Ochieng, mjukuu wangu,

Huku Migori tuko salama. Dani, nyanya yako, anakusalimia, na ile ng'ombe tulinunua soko ya Ogwedhi imezaa. Lakini tangu upige simu sijatulia, nakaa nasimama. Umeniuliza kama ucheze Jumamosi, na wenzako wamegoma mpaka klabu ilipe mishahara. Meneja amekuahidi wewe peke yako utalipwa.

Mimi pia nilichezea timu ya basketi ya kiwanda. Mshahara ilikosekana, tukagoma. Ndio mtu asijaribiwe kucheza, tuliweka viatu vyetu vyote ndani ya gunia moja kwa nyumba ya kapteni wetu, Odhiambo. Meneja akaniita kando, akaniahidi kazi ya ofisi. Nikaenda kwa bibi ya Odhiambo, nikamwambia kiatu yangu imepasuka, naipeleka kwa fundi.

"Chukua, shemeji," akasema. "Kwani wewe ni mgeni?"

Wenzangu waliponiona uwanjani nimevaa, walienda kuchukua vyao mmoja mmoja. Odhiambo pekee alikataa. Alifutwa, akarudi kwao Homa Bay kuvua samaki. Mimi nilipata ofisi.

Siku hizi tukipatana sokoni huko, ananisalimia vizuri, halafu anacheka: "Omera, ndugu yangu, fundi alimaliza hiyo kiatu?" Nacheka pia, halafu nasahau kile nilienda kununua.

Sikwambii ucheze au ukatae. Lakini Jumamosi hiyo nitakuwa Homa Bay. Nataka nimwambie kiatu haikuwa imepasuka.

Ni mimi kwaru, babu yako.