Hodi ya Maiti

Jumamosi, Mfunguo Nne, 1913

Kosa si langu. Au ni langu, lakini si lote.

Picha za sinema za hemani ni bubu, nami kazi yangu ni kusimama kando ya shuka zinapoonyeshwa, nikawasemea waliomo. Leo kilikuwa kisa cha kale cha Wazungu, cha bwana aliyekufa akakataa kukaa kaburini, akawa ananyonya watu damu. Nikaeleza sharti lake: haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Watu wanaogopa vizuri.

Akafika mlangoni kwa binti mmoja, akainua mkono abishe. Nami, kwa mazoea tu, nikamsemea: "Hodi!"

Hema zima likaitikia: "Karibu!"

Halafu mtu akasema, "Lahaula, tushamwingiza!" Ikawa ugomvi, nani kaanza. Mzee mmoja akanikamata kanzu: "Wewe ndiye uliyembishia!" Kule kwenye shuka maiti ananyonya damu, hana hata mtu wa kumtazama.

Mwenye hema kasema kesho ataamua kama bado ananitaka. Naogopa. Sijui kazi nyingine ila kusema.

Nikarudi nyumbani kinyonge. Hodi. Kimya. Zuhura, mke wangu, alikuwa hemani upande wa wanawake, katangulia kurudi.

"Hodi, Zuhura! Ni mimi!"

"Kama u mtu hai, ingia mwenyewe," akajibu kwa ndani. "Mimi leo 'karibu' sisemi tena."

Na mlango kautia komeo. Naandika haya barazani.