Piki Yenye Inakohoa ku Barieri

Siku ya pili, tarehe 4, mwezi wa tatu

Mandazi imekwisha mbele ya saa mbili. Mvua tena. Matope mpaka ku mulango.

Piki ya bwana yangu imepasua tena sawa bunduki, ku kona ya marshe, pale sokoni. Pa! Pa! Bantu bote chini. Mama wa kuuzisha majani ya sombe aliingia chini ya meza, matako ikabakia inje. Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alisema: «Mama Neema, siku moja bale ba bunduki mu mulima batajibu bwana yako na masasi ya kweli.» Hapo kicheko ilipungua. Kidogo.

Piki hii iko ya injekteri, haina karbirateri. Mwenye alituuzishia alibadilisha pot ya kutosha moshi na filtre ya hewa, basi hewa inaingia mingi, esansi, mafuta yake, inabakia kidogo. Njo maana inapasua. Njo maana ikibeba chumvi mu mulima inakata, bwana yangu papa Neema anashuka anasukuma sawa punda. Lakini leo kijisanduku cha kupimia piki esansi kimefika. Binamu yangu wa Butembo alikitosha Kampala, akakificha mu gunia ya ndakala. Kako sawa kipande ya sabuni. Kananuka samaki.

Siku ya ine, tarehe 6

Bahati amekuja kukafunga. Bahati njo fundi yetu, muntu wa Kingi, anapenda maneno sawa miye. Tukikutana wawili, bantu banatafuta njia ingine.

Alitosha kiti, akatosha tanki. Akatafuta waya yenye inaingia mu injekteri, akaifungua, akaweka kijisanduku katikati. Waya nyeusi ku batri. Akakafunga chini ya kiti na kipande ya shambreri ya gurudumu. Karatasi yake iko ya kingereza. Tulifungia ndani mandazi.

Kako na taa tatu. Kijani ni ya kutembea polepole. Bluu ni ya katikati. Nyekundu ni ya kufungua gazi yote, mbio kabisa. Kila taa unaipatia esansi yake, unaongeza ao unapunguza na kabuto ya kubonyeza. Bahati anapandisha piki mu mulima wa nyuma ya hopitali, anazima mara moja, anafungua buji yenye inawashaka moto, anaangalia rangi yake. Nyeupe sawa bunga, piki iko na njaa. Nyeusi sawa matako ya sufuria, imelewa. Rangi ya mandazi, iko sawa. Alikuwa analinganisha na mandazi yangu kabisa. Alilinganisha, alikula, alilinganisha, alikula.

Siku ya posho, tarehe 8

Ee Mungu. Inapanda! Magunia mbili ya chumvi, papa Neema mbele, na miye juu ya chumvi sawa mwami, mukubwa wa chefferie. Haikupasua hata mara moja. Ilikuwa inaimba. Ng'ombe iliacha kula, ikatuangalia.

Nilisema ku marshe. Nilisema ku kisima. Nilisema ku misa mbele padri aingie. Nilisema kutoka Mweso mpaka Pinga hakuna piki yenye itaishika. Mama wa sombe alisema basi, tumesikia, Mama Neema. Nikamwambia tena.

Papa Neema hakufurahi. Yeye si muntu wa maneno. Alisema tu: «Sifa ya piki haijazake tanki esansi.» Alale na hekima yake. Miye nilikuwa na furaha.

Siku ya kwanza, tarehe 10

Bale ba mu mulima bamemukamata Kasereka.

Motari, muendesha piki mwenzake na papa Neema, banapakiaka pamoja. Ku njia ya Pinga, mbele ya muto. Piki yake ilikuwa nguvu kupita zote, kila mutu alijua. Bakichukua piki banachukua na motari, kwa sababu kwao kule hakuna mwenye anajua kuendesha mashini ya namna ile mu matope. Piki inarudiaka siku moja, imevunjika. Motari, sijaonaka anarudi. Balikuta kandambili yake moja mu njia, na karton ya sabuni imefunguka, mvua inaipiga, povu inashuka mu mufereji.

Bibi yake iko na mimba.

Sasa piki yenye nguvu kupita zote ni ya kwetu. Nilikuwa nakanda bunga wakati hii mawazo iliniingia. Mikono ilisimama.

Siku ya tatu, tarehe 12

Papa Neema alipashwa kwenda Pinga leo. Mvua ilimuzuia. Asante mvua.

Saa ine hivi, muntu moja aliingia ku duka yetu. Bote za mupira ku miguu, koti ya mvua. Si wa hapa. Anaongea polepole, na heshima. Alinunua sigara moja.

«Mama, banasema piki ya kupanda milima iko kwenu.»

Nilicheka. Nikasema hee, ile chuma ya kuchosha bantu? Inakata, inapasua, ni mateso tu.

Yeye pia alicheka. «Siku ya posho ulikuwa unasema ingine.»

Akaenda. Sigara hakuiwasha. Aliivika ku sikio, akaenda nayo mu mvua.

Naogopa. Sijaandika neno hii tangu tulikimbia vita mara ya mwisho. Naogopa.

Siku ya tano, tarehe 14

Nimemuambia Bahati aharibu piki.

Aliniuliza kama nimekunywa pombe ya kasiksi asubuhi. Aliapa: heri bamukate kidole. Eti kazi nzuri sawa ile hajafanyaka mu maisha yake, na weye mwenyewe ulitangaza mpaka ku kanisa! Nikamuambia njo hiyo, nilitangaza. Nikamuelezea yule muntu wa bote za mupira. Papa Neema alikuwa amekaa juu ya gurudumu, anaangalia chini.

Bahati alifungua kiti ya piki, akaangalia kijisanduku. 

Kisha alisema: ku barieri, pale bale ba bunduki banafungaka njia, hakuna mwenye anafikaka mbio. Banafikaka polepole, banasimama, banaondoka polepole. Yote hiyo ni taa ya kijani. Basi kijani peke yake njo ataigonjwesha. Atapatia ile taa esansi ya kumwagika, mpaka piki ikohoe, itoe moshi nyeusi, bantu balie macho. Bluu na nyekundu hazigusi. Ukipita barieri, fungua gazi, inapona, inaimba.

Tulijaribu nyuma ya nyumba. Kho! Kho! Kho! Moshi sawa banachoma tofali. Batoto ba jirani baliipatia jina: Mutu wa Tibi, mugonjwa wa kifua. Nilicheka tena, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya Kasereka.

Lakini Bahati alionya: isisimame inawaka wakati murefu. Buji itazama mu esansi, itakufa kweli. Papa Neema ameweka buji mbili mupya mu mufuko ya koti.

Inabakia kinywa yangu. Yenye ilisifu ipashwe kuchafua, iseme Bahati ameharibu piki. Bahati aliniomba: «Uniseme mubaya, lakini si sana.» Nikamuambia mambo ya kidogo siijuake.

Siku ya pili, tarehe 18

Papa Neema ameenda Pinga. Nimesikia inakohoa mpaka ku barieri ya huku kwetu. Imenyamaza. Imekohoa tena. Kisha mbali sana, mu mulima, ikaimba. Nikafanya alama ya musalaba na mukono yenye ilikuwa na mafuta.

Kazi yangu nayo naifanya. Kila siku, kila meza. Bahati ni muongo. Bahati ametuharibia piki. Mikono ya kuchunga mbuzi, anaiweka mu mashini ya bantu. Banaitikia, banauliza zaidi, banaongeza yao. Uongo ni sawa bunga, ukiweka chachu unavimba peke yake.

Lakini kama unasema huyu ni mubaya, bantu banauliza muzuri ni nani. Basi nimewapatia: Papa Sebastiani, wa chini karibu na daraja. Yeye njo fundi wa kweli! Yeye njo anajuaka injekteri! Hata ndege ikianguka hapa, Papa Sebastiani ataiamsha! Maskini, yeye hajashikaka injekteri. Karbirateri na minyororo tu, na hata salamu anaisema kwa sauti ya chini. Sasa bantu banajaa kwake. Bibi yake, Mama Roza, ameniletea mukungu wa ndizi. Alisema sijui tutakulipa nini, Mama Neema. Tamu sana, zile ndizi.

Bibi ya Bahati tulikutana ku kisima. Aligeuza uso.

Siku ya posho, tarehe 22

Amerudi! Amerudi na mawese na macho mekundu, na piki anaisukuma kutoka chini ya mulima.

Alikula mbele. Kisha alisema, na kwake kusema ni sawa kungʼoa jino. Ku barieri ya mbele ya muto alimukuta yule muntu wa bote za mupira. Sigara ku sikio. Alimuambia papa Neema asizime. Akaizunguka piki, akaizunguka tena. Kho, kho, moshi, bote banakohoa nayo. Yule anangojea tu. Anangojea. Mpaka buji ikazama na piki ikazima yenyewe. Papa Neema anasema alisikia moyo yake inazima nayo.

Yule akapiga gurudumu teke. «Tosha hii maiti mu njia.»

Alisukuma mpaka kona, akabadilisha buji kule, hakuthubutu mbele yao. Mbele ya kufika hapa buji zote mbili za mufuko zilikuwa zimezama, akasukuma tena.

Nilikuwa nimesimama tayari kucheza. Niliimba hata. Njo papa Neema akaongeza, polepole, anaangalia sahani: yule muntu aliuliza fundi gani aliharibu mashini ya namna ile. Bale bengine balicheka, eti Bahati, habari yake imefika mpaka huku. Akauliza tena: na fundi wa kweli, ni nani?

Mumoja mwenye alikuwa anakula mahindi alijibu. Papa Neema hakufungua kinywa. Alijibu yule wa mahindi.

Nilimuuliza alisema jina gani. Papa Neema alinyoosha kidole kuelekea daraja.

Siku ya yenga, tarehe 23

Kutoka misa nilishuka ku daraja. Sikusimama na mutu, bantu balishangaa.

Papa Sebastiani alikuwa na piki ine mbele ya mulango, na ni siku ya Mungu. Kofia mupya. Alinikaribisha sawa dada yake.

Nilipashwa kusema yote. Lakini nikisema yote, nasema na taa ya kijani, na daraja iko na masikio, na papa Neema anarudi ku ile barieri kesho kutwa. Nikasema nusu. Nikasema: «Papa Sebastiani, uende kutembea kidogo. Kwa shemeji yako, kule mbali. Posho mbili tu, siku kumi na ine.»

Akacheka, na yeye hachekake.

«Sasa? Miaka yote nilikaa hapa bila kazi. Leo kazi imekuja, na weye njo uliileta. Niende wapi, dada?»

Mama Roza alinifungia mayai mu majani. Niliyabeba. 

Siku ya tatu, tarehe 26

Balikuja kwa Papa Sebastiani asubuhi, mwangaza iko. Batatu. Hawakupiga mutu, hawakuiba kitu. Balimuambia alete mufuko ya vyombo. Muntu wa bote za mupira alimubebea hata pompe ya gurudumu, bakaenda naye mu mulima.

Alibaambia yeye hajuake injekteri. Jirani alisikia. Alisema mara nyingi, kwa ile sauti yake ya chini. Balicheka, eti fundi mwema hajisifuke.

Bahati amefunga mulango yake tangu ile saa. Ilikuwa ipashwe kuwa yeye, ao bwana yangu. Anajua. Bibi yake alinipungia mukono kutoka mbali. Heri angegeuza uso.

Batafanya nini siku bataona kweli hajui?

Siku ya ine, tarehe 27

Sikukaanga mandazi.

Mama Roza alikuja ku duka. Hakuwa na kikapo. Alikaa ku kiti ya mbao, mikono juu ya magoti, akaangalia barabara. Kisha:

«Mama Neema, weye njo unasikiaka yote. Umesikia nini?»

Mama wa sombe alikuwa pale. Bengine babili pia. Bote baliniangalia, balingojea.

«Sijasikia kitu, mama.»

Nilimufungia chumvi na sabuni, akakatala, nikamuwekea mu mikono. Alisema asante. Alisema Papa Sebastiani alikuwa anasema jina yangu ku maombi ya magharibi. Akashuka na njia ya daraja.

Mvua imekatika. Ku kona ya marshe piki inakohoa. Kho. Kho. Hakuna mwenye amelala chini, bamezoea. Papa Neema anafika.

Nimeweka maji ku moto, anawe.