Oveni Chini ya Kitenge

Ramlah, acha unachofanya usome. Nimeaibika wallahi.

Mama mkwe ametoka Jinja leo, kaja na samaki wake wawili. Si unamjua? Kwake samaki asiyelia ndani ya mafuta hajakaangwa.

Na mimi nina ile oveni ya mezani inayokaanga kwa hewa ya moto. Nikatia samaki humo, nikaifunika kitenge. Halafu nikabandika sufuria ya mafuta kwenye sigiri, nikawa natupia vitunguu ili asikie shwaaa. USICHEKE.

Akaniita kutoka sebuleni: "Wanalia vizuri, mwanangu!"

"Ndiyo, mama!"

Kumbe kitenge kinatoa moshi. Ramlah, MOSHI! Mimi nimegeukia sigiri, sioni kitu. Yeye ndiye aliyeingia mbio, akakivuta, akakitupa kwenye beseni la vyombo.

Samaki hao nyuma ya kioo, taa inawaka, wanatazamana na mama mkwe.



Nikasema oveni ni ya Burhan. Mwanawe mwenyewe, ambaye hata kuiwasha hajui!

Mama akainama, akaizima. Hakuuliza inazimwa wapi. Hakuuliza! Hapo ndipo niliposhtuka.

"Zile sambusa zangu za Idi," akasema, "mlidhani nilizikaangia wapi?"

Zile ulizosema wewe zina ladha ya mafuta ya kweli, Ramlah. Zile zile! ANAYO, huko huko Jinja!

"Na mimi huifunika mkija," akaniambia. "Ila mimi huizima kwanza."