Chumba Kipya cha Kufulia

Jumanne, mvua tangu asubuhi

Chumba ni kizuri, sikatai. Tangu mume wangu apunguzwe kazini kiwandani, ndicho kilichomrudishia mluzi wake. Lakini kakijenga kwenye mlango wa nyuma, eti watu wavulie humohumo viatu vya matope.

Leo nafua, nimejifunga kitenge kimoja tu, baba mkwe akarudi kutoka shamba. Akaketi kwenye mlango wa kuingilia ndani kuvua mabuti. Na kwenye kamba, juu ya kichwa chake, chupi zangu!

"Shikamoo, baba," nikauambia ukuta.

"Marahaba," akaijibu mvua.

Sikuweza kutoka. Naye buti lake lilikuwa limegoma kuvuka.

Jioni mume wangu kasema kesho anaziba mlango wa mbele, watu wote wapitie nyuma, sebule isichafuke tena. Akaanza kupiga mluzi.

Nimemwambia ni wazo zuri.