Kopo la Soya

Mama Zaina,

Ulituacha Jumanne ya mvua, kabla sufuria ya kwanza haijaisha, na leo ni siku ya hamsini na tatu. Tulikupoteza wewe. Na mimi, siku ileile, nikapoteza uji wako. Naviandika pamoja kwa sababu kwangu havikuachana.

Nianze na habari. Meza yetu bado iko palepale Makiso, juu kidogo ya bandari. Turubai nimebadilisha, lile la zamani lilikuwa linawavujia wateja shingoni. Mahindi na karanga za kukaanga bado nazifunga kwenye karatasi, vifurushi arobaini kila asubuhi, na vinaisha. Mvua za mwaka huu zinapenda alfajiri. Ukungu unapanda kutoka mtoni, watu wa toleka, wanaobeba abiria kwa baiskeli, wanafika wameloa mpaka mgongoni, wanashika kikombe kwa mikono miwili kabla hata ya kusalimia. Unawajua. Ulikuwa unasema, "Baridi ya Kisangani haina nguvu, iko na wivu tu. Inangojea mutu mwenye njaa."

Bon, basi, ulipokuwapo tulimimina vikombe sitini kwa asubuhi moja. Wiki ya pili baada ya mazishi nilimimina thelathini na moja. Wiki ya nne, kumi na tisa. Nilimwaga uji, Mama. Mbele ya sufuria yako, wewe uliyekuwa unaikwangua kwa mwiko mpaka inalia.

Na nilipima kama ulivyopima: mahindi makopo kumi, mchele tano, soya tano, karanga mbili. Hesabu hiyo sikuiandika popote, niliisikia miaka tisa. Uliponiokota, goti limevunjika na baiskeli yangu imebaki vyuma, ulinikalisha mbele ya moto wa kukaangia soya, mgongo kwako. Wenzangu wa toleka wakacheka: "Bosco amekuwa mama buyi, mama wa uji!" Ukawajibu bila kuinua kichwa: "Mucheke. Kesho mutakunywa ya mukono yake." Basi mimi nageuza soya, na wewe nyuma yangu unapima nafaka za kupeleka kwenye mashine ya kusaga, unahesabu kwa sauti kama mtu anayevuta tasbihi. Moja, mbili, tatu. Zinaanguka kwenye beseni. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa masikio.

Uji ulipoharibika nililaumu kuni. Nikalaumu maji. Nikamwendea yule kijana anayetuletea soya kutoka Opala, nikamgombeza mbele ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kama mtoto kwa mjomba wake, "Soya ni ileile, tonton. Labda ulimi wako ndio umefiwa."

Niliona haya, lakini nilimwamini.

Halafu ikafika arobaini yako. Nilipika uji wa waliokuja kusoma dua, nikaupika kwa moyo wote. Dada yako, Mama Hadija, alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi kutoka Basoko asubuhi hiyo, bado anatetemeka. Akanywa mara moja, akaweka kikombe chini. "Hii ya nani? Iko na harufu ya maharagwe mabichi." Akaniangalia vizuri. "Soya ulipimia kopo gani?"

Nikasema, Mama, kopo si ni moja?

Akaingia chumbani kwako. Akatoka na makopo mawili: lile kubwa la maziwa ya unga ninalopimia kila kitu, na jingine dogo la nyanya, ukingo umekunjwa lisikate mkono. "Hili la soya na karanga. Tangu mama yetu."

Miaka tisa, na sikuwahi kuliona. Nilijaza dogo maji, nikamimina ndani ya kubwa. Mara mbili, na bado pakabaki nafasi ya kidole. Maana yake nilikuwa natia soya zaidi ya mara mbili, asubuhi baada ya asubuhi, na hesabu yangu ikiwa sahihi.

Kesho yake nikapika kwa makopo yote mawili. Kikombe cha kwanza nikampa yule kijana wa Opala, nikamwomba radhi. Juzi tumefika vikombe hamsini na vinne. Kwa hilo silalamiki.

Ninalolalamikia ni hili. Kila nilipogeuza kichwa, uliniambia, "Bosco, angalia moto, soya iko naungua!" Nami nikarudisha kichwa. Sasa napiga hesabu: soya haiungui mara nyingi hivyo. Na siku ya mwisho ulinishika mkono, ukasema, "Meza ni yako." Meza. Makopo hukuyataja.

Lakini nakumbuka pia ile homa yangu. Ulitembea kwenye mvua mpaka kwangu, bakuli limefunikwa kwa kitenge chako, wewe mwenyewe kichwa wazi, umeloa. "Kunywa, usiniangalie." Mtu anayeficha kopo habebi uji kwenye mvua. Au anabeba. Ndiyo sababu silali vizuri.

Salima, mtoto wako, anaanza kazi kwangu Jumatatu. Jana alikuja kutazama, akaona moto, akaona beseni, akaniuliza, "Tonton, mimi nitakaa wapi?" Kiti ni kimoja, kile changu cha zamani. Mgongo kwa beseni. Kama ulinikalisha vile kwa sababu ya moto tu, basi kuna jambo kwenye moto ambalo sijalielewa, nami nitamkalisha hivyohivyo.

Pumzika, Mama yangu. Kwa kila kikombe kinachotoka kikiwa cha moto pale mezani nakushukuru. Na nakuahidi, mtoto wako hatamwaga hata sufuria moja kwa kukosa jambo ninalolijua.

Ila nijibu. Ulinificha, ndiyo au hapana? Nitakungojea mpaka Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, kabla sijawasha moto. Ikipita hapo kimya, kiti nakigeuza, Salima aone beseni na makopo yote mawili.

Bosco