Kiti cha Kuogea cha Kundi la Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa ubunifu kasema tunawasilisha Ijumaa ya wiki ijayo. Mwenye kiwanda cha samani atakuwepo! Atachagua kazi moja aitengeneze, iuzwe madukani. Darasa zima likapiga kelele.

Kundi letu ni Bosi, Profesa, Kimya na mimi. Bosi hakuchaguliwa na mtu, alianza tu kutoa amri. Profesa hana uprofesa wowote ila mdomo. Kimya anachora kutushinda wote, na huongea kama anayelipishwa kwa neno. Kazi yetu: kiti cha kuogea cha mtu aliyepooza. Wazo ni langu. Bibi alipigwa kiharusi, upande wa kushoto wote haufanyi kazi, na mama anamwogesha kwenye kiti cha plastiki huku kainama hadi mgongo umegoma.

Kujikunja ni wazo la Profesa. Bawaba mbili nyuma – unavuta, kiti kinalala bapa kama sinia. Kila mtu anakipenda. Hata mimi.

Jumatano, 6 Machi

Leo Bosi kakalia kiti tena, kajitingisha, kasema chuma tupu hiki. Kimya akauliza mbona kila siku anayekikalia ni mtu mwenye afya zake. Bosi akasema basi tukijaribu kwa bibi yake huyu. Wote wakanigeukia.

Nikakubali. Nani alinituma!

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Walikuja asubuhi. Mama hakutaka. Bibi ndiye aliyetaka – alijifunga shuka, akaketi kama anakwenda kuapishwa. Mama akamwambia, mama, hawa vijana wanapiga video, huoni haya? Bibi akasema, "Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa sita. Pigeni!"

Bosi alisimama mlangoni na simu. Mwanzoni raha tupu. Mama alimwagia maji bila kuinama. Akacheka! Sikumbuki lini nilimsikia mama akicheka bafuni.

Kisha Bibi akainua mkono wa kulia asuguliwe kwapani. Mwili ukalalia kushoto, kama unavyolalia siku zote. Bawaba ya upande ule ikaachia. Akahisi anakwenda, akashika chuma kwa mkono wake mzima – na kiti kikajikunja na vidole vikiwa ndani.

Ile sauti.

Mama akawaambia wenzangu, tokeni. Mimi hakuniambia kitu.

Daktari kasema vidole viwili vimevunjika. Vya mkono wa kulia. Ndio mkono pekee aliokuwa nao.

Jumapili, 10 Machi

Bibi analishwa kwa kijiko. Alikuwa anajilisha mwenyewe.

Hataki kuoga. Anasema afutwe tu kwa kitambaa, inatosha.

Mama kanisemesha neno moja tangu jana: chumvi. Nikampa.

Jumanne, 12 Machi

Kikao cha kundi. Nimewaambia twende kwa fundi wa kuchomelea, azichomelee zile bawaba, kiti kisijikunje tena. Kazi ya mchana mmoja! Profesa akaniuliza tutakuwa tumebuni nini hapo, kigoda? Maksi zote za ubunifu ziko kwenye kujikunja.

Bosi keshaikata ile video. Inaishia pale mama anapocheka. Kaniangalia usoni kabisa, akasema anampa Bibi pole, kweli kabisa, lakini ile ni ajali, na kiwandani wana wahandisi wao, watarekebisha. Kwani sisi tunauza kesho?

Akasema tupige kura. Anayetaka tumweleze Mwalimu yaliyotokea, anyooshe mkono.

Kimya akanyoosha. Peke yake. Akanitazama, mkono uko juu, akanisubiri.

Somo hili nilianguka mwaka jana. Nikianguka tena naondolewa chuoni. Mama ameshona nguo za watu mpaka macho yamefifia ili mimi niwe hapa.

Mkono wangu ulikuwa mapajani. Niliutazama kama wa mtu mwingine.

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu anataka kila mtu aandike tafakari yake, kurasa mbili: umejifunza nini katika kazi ya kundi.

Nimejifunza umuhimu wa ushirikiano. – Nimefuta.

Nimejifunza kumsikiliza mtumiaji. – Nimefuta, nimechana na karatasi yenyewe.

Bibi kaniita kutoka kitandani. "Mke mwenzangu, kile kiti ndio kesho?"

Ndiyo, Bibi.

"Mmeshakitengeneza?"

Nikasema tumeshakitengeneza.

"Hewaa! Basi vidole vyangu havikwenda bure."

Nikatoka nje. Nilisimama nyuma ya nyumba mpaka mama akaja kuanua nguo. Aliniona. Akaanua nguo zake, akaingia ndani.

Ijumaa, 15 Machi

Niko kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza. Nimewaaga eti naenda msalani.

Kimya hakuja. Michoro yake ilikuja, jina lake halikutajwa.

Bosi aliongea vizuri. Video ikachezwa – mama akacheka ukutani, mkubwa kama nyumba – na ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu akaniuliza mbele ya watu, bibi alikionaje kiti? Nikasema alifurahi. Si uongo. Alifurahi, kisha…

Halafu mwenye kiwanda akainuka kwenye kiti chake akaja kwetu. Mzee mpole, sauti ya chini. Anasema mama yake kapooza tangu mwaka jana, upande mmoja, na mkewe ndiye anamwogesha. Akauliza kama anaweza kuondoka na hii sampuli leo, wakaijaribu jioni nyumbani. Bosi akajibu kabla hajamaliza: bila shaka, mzee wangu!

Nilifungua mdomo. Nilifungua kweli. Pakatoka "hongera."

Kutoka dirisha hili naona gari lake. Profesa anamwonyesha jinsi ya kukunja – mara moja, bapa. Mzee anacheka kama mtoto. Amehamisha mifuko ya sokoni ipatikane nafasi ya kiti kwenye buti. Bosi anakilaza taratibu, kama yai.

Ningepiga kelele kutoka hapa wangesikia. Dirisha liko wazi.

Profesa kaniona. Ananipungia mkono nishuke, tupigwe picha. Mzee naye kainua uso, ananitabasamia.

"Binti! Ndiye wewe mwenye bibi? Hajambo lakini?"

Nimeinamia daftari kana kwamba sijasikia.

Kauliza tena.